Mfalme wa Korneti Aliyeshika Ufagio

Huenda umepata kulisikia jina la Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa Marekani aliyefika Nairobi mwaka 1960. Je, wamjua aliyemfundisha? Ni Joe Oliver, ambaye watu walimwita King, yaani Mfalme.

Oliver alizaliwa katika jimbo la Louisiana, akajulikana mjini New Orleans kwa kupiga korneti, ambayo ni aina ya tarumbeta fupi. Jicho lake moja lilikuwa halioni. Alikuwa fundi wa kuziba mdomo wa korneti kwa kikombe au bilauri, hata ikalia kama mtoto mchanga. Kijana Armstrong hakubanduka kwake; naye Oliver akamfunza, akampa na korneti yake ya zamani.

Mwaka 1922 Oliver, aliyekuwa na bendi yake Chicago, alimwita Armstrong wapige pamoja. Tazama moyo wake: mkubwa anamkaribisha kijana awezaye kumpita! Mwezi wa Aprili 1923 walikwenda Richmond, Indiana, kutia nyimbo zao katika santuri. Hapakuwa na mikrofoni. Sauti ilipokewa na pembe kubwa. Armstrong alisimulia baadaye kwamba aliwekwa mbali na pembe, kwa kuwa sauti yake iliifunika ile ya mwalimu wake.

Halafu mambo yaligeuka. Mwaka 1927 Oliver aliitwa kupiga katika Cotton Club, ukumbi wa New York. Aliona malipo ni madogo, akakataa. Nafasi ikamwendea Duke Ellington, na sifa zake zikaenea. Tena ufizi wa Oliver uliugua, meno yakamtoka. Na mpiga korneti asiye na meno ni kama mkulima asiye na jembe.

Mwishowe alikuwa mfagiaji wa nyumba ya biliadi mjini Savannah, Georgia. Alimwandikia dada yake kwamba ameweka akiba ya dola 1.60, apate nauli ya kwenda New York. Akafariki Aprili 1938. Dada yake akatoa fedha zake za kodi ya nyumba, maiti ikapelekwa New York.

Armstrong hakuacha kumtaja mwalimu wake kwa heshima. Nawe msomaji, ukiwa na ufundi mikononi, mfundishe kijana; na wewe kijana, usimsahau aliyekushika mkono.