Kalibu ya Mshipa wa Moyo

Printa ya 3D ikitajwa pamoja na hospitali, mawazo hukimbilia mioyo na mishipa hai inayochapwa maabara. Huko bado hatujafika. Kazi inayonivutia mimi ni ya chini zaidi, na imeanza kuokoa watu kitambo.

Tal Golesworthy, mhandisi wa Uingereza, alizaliwa na ugonjwa wa Marfan. Wenye ugonjwa huo tishu zao za kuunganisha mwili ni dhaifu, na aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, hutanuka taratibu pale unapoanzia. Ukuta wake ukichanika, kifo kinaweza kuja ndani ya saa chache. Tiba iliyozoeleka ilikuwa kukata sehemu hiyo pamoja na vali (mlango unaozuia damu kurudi moyoni), kisha kuweka bomba la kitambaa lenye vali bandia. Na mwenye vali bandia ya kimakanika humeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote. Golesworthy hakuyataka hayo. Alitaka aota yake ibaki, ila ivishwe vazi la nje la kuizuia kutanuka.

Shida ikawa vipimo. Shina la aota si bomba lililonyooka: lina vifuko vitatu juu ya vali, na la huyu halifanani na la yule. Tena halitulii, hivyo picha za MRI au CT hupigwa kwa kufuata mapigo ya moyo. Kompyuta huziunganisha, printa ikatoa umbo la plastiki la shina la mgonjwa huyo mmoja, na juu yake hutengenezwa wavu laini wa poliesta, kama fundi anavyoshona kiatu juu ya kalibu. Plastiki yenyewe haiingii mwilini.

Daktari huufungua wavu kwa mbele, akaupitisha nyuma ya aota, akakata njia za ateri mbili zinazolisha moyo, kisha akaushona. Mara nyingi moyo huendelea kupiga muda wote. Baadaye tishu huota kupitia vitundu vya wavu, ukawa sehemu ya ukuta.

Mwaka 2004, katika hospitali ya Royal Brompton, London, daktari wa upasuaji John Pepper alimfanyia upasuaji huo mgonjwa wa kwanza: Golesworthy mwenyewe. Mamia wamefuata.

Wavu hauponyi Marfan, wala haulindi aota iliyobaki, kwa hiyo kuendelea kuhudhuria kliniki hakukwepeki. Wanaofaidika ni waliogunduliwa mapema kwa kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), shina likiwa limetanuka lakini halijachanika, na vali ingali inafunga vizuri.