Fedha chafu, fomu safi

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu hadi katika tawi la benki fulani mjini Kisii. Alikuwa ameuza kipande cha shamba karibu na Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, na mnunuzi alikuwa amemlipa taslimu, jumla ya shilingi 2,100,000. Ajuza huyo alizifunga noti hizo katika leso na kuzitia ndani ya mfuko wa sokoni, chini ya ndizi.

Karani alitoa fomu. Ilikuwa ya Kiingereza tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, nayo ilitaka kujua fedha zilitoka wapi na zilikusudiwa kazi gani. Shangazi alikuwa na mkataba wa mauzo mkononi, umetiwa sahihi mbele ya wakili. Karani hakuuomba. Aliutupia macho mlolongo uliofika mlangoni, akaandika neno moja la Kiingereza lenye maana ya biashara, kisha akamwonyesha pa kutia kidole.

"Mwanangu, nimeandikwa nini?" shangazi aliniuliza. Nilipomfasiria alishtuka. "Mimi sina biashara. Nimeuza shamba la marehemu."

"Mama, usijali," karani akamjibu kwa upole. "Mashine inataka tu pasiachwe wazi."

Msomaji ataniuliza kisa hiki kinahusu nini. Nami nitamjibu kwamba kinahusu sheria nzima. Tangu mwaka 2009 Kenya ina Sheria ya Mapato ya Uhalifu na Kupambana na Utakasaji wa Fedha. Sheria hiyo inazitaka benki zimjue mteja, zihifadhi ushahidi wa chanzo cha mali yake, na zitoe taarifa kwa kituo maalumu cha serikali kila zinapopokea au kutoa fedha taslimu kupita kiwango kilichowekwa, au zinapotilia shaka shughuli yoyote, iwe kubwa au ndogo. Kiwango hicho kilikuwa dola 10,000 za Marekani, kabla ya marekebisho ya mwaka 2023 kukipandisha hadi dola 15,000. Fomu ni chombo tu cha kupatia ukweli. Ikijazwa uongo, hata uongo usio na madhara kama ule wa shangazi, inabaki karatasi.

Na tumekwisha kuona karatasi hizo zilitufikisha wapi. Mnamo Septemba 2018 Benki Kuu ya Kenya ilizitoza benki tano faini ya jumla ya shilingi milioni 392.5 kuhusiana na fedha za Huduma ya Vijana kwa Taifa. KCB ilitozwa milioni 149.5, Equity milioni 89.5, Standard Chartered milioni 77.5, Diamond Trust milioni 56, na Benki ya Ushirika milioni 20. Makosa yaliyotajwa hayakuwa ya kitaalamu hata kidogo: kutoripoti miamala mikubwa ya taslimu, kutowachunguza wateja ipasavyo, kupitisha fedha nyingi bila hati za kuzithibitisha, na kunyamazia shughuli za kutiliwa shaka. Zingatia jambo moja. Standard Chartered, iliyopitishiwa kiasi kikubwa zaidi, takriban shilingi bilioni 1.6, haikuwa ndiyo iliyotozwa faini kubwa zaidi. Mwaka 2020 benki hizo hizo zilikubaliana na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kulipa shilingi milioni 385 nyingine ili zisifikishwe mahakamani. Kwa taasisi zinazohesabu faida kwa mabilioni, mtu ana haki ya kuuliza kama hiyo ni adhabu au ni ada.

Mimi ni mwanaisimu, si mhasibu, kwa hiyo niruhusiwe kugusa lugha. Katika magazeti na redio zetu kosa hili huitwa "ulanguzi wa fedha". Neno hilo halifai. Kulangua ni kuuza bidhaa kwa bei ya kuumiza, jinsi wafanyavyo wenye kuficha sukari nyakati za uhaba. Wenzetu wa Tanzania, waliotunga sheria yao mwaka 2006, husema utakasishaji au utakatishaji wa fedha haramu. Hapo maana imenaswa: fedha inaingia chafu na kutoka safi. Ila nalo lina dosari yake, maana takasa na takatifu ni watoto wa shina moja, na sioni raha kumwazima mwizi neno la ibada. Hata hivyo ni afadhali neno linaloeleza tendo kuliko lile linalolificha. Kwa Ekegusii fedha ni chibesa, neno la pesa lililosafiri kutoka pwani na kuvikwa kiambishi cha kwetu, lakini sijasikia namna yoyote iliyozoeleka ya kulitaja kosa hili katika lugha hiyo. Mwananchi ataripotije jambo ambalo halina jina kinywani mwake?

Wanafunzi wangu nao hawamo nje ya kadhia hii. Mmoja aliniambia, bila wasiwasi wowote, kwamba jamaa fulani alimlipa ili apitishe fedha katika akaunti yake kwa siku mbili. Alidhani amemsaidia mtu. Nilipomweleza kwamba jina lililo katika rekodi ni lake, si la jamaa, alinyamaza muda mrefu.

Februari 2024 Kenya iliingizwa katika orodha ya kijivu ya shirika la kimataifa linalosimamia vita hivi, orodha ambayo tuliwahi kutolewa mwaka 2014. Tanzania ilitolewa humo Juni 2025. Wakubwa wa Nairobi walitaja sheria mpya zinazohitajika. Huenda zinahitajika. Lakini fomu ya Kiswahili, na karani aliyepewa dakika kumi za kumsikiliza mteja, havihitaji muswada bungeni.

Nilirudi katika tawi lile wiki iliyofuata nikiwa na nakala ya mkataba, nikaomba maelezo ya shangazi yasahihishwe. Niliambiwa kwamba faili lake halina tatizo lolote. Kila ninapokwenda Keroka huniuliza kama wamekwisha kulifuta lile neno.