Kina cha Freshi Kimo Kwenye Kukataa

Oya wanangu, katiza Mtaa wa Kongo, Kariakoo, asubuhi, mzigo umeshatandikwa chini, spika zinapiga kelele "jero, jero, jero", halafu salimia kila unayemjua. Mambo? Freshi. Mishe? Freshi tu. Kuna mwana kasimama tangu alfajiri hajagusa hata msimbazi mmoja, ile noti nyekundu ya elfu kumi, na yeye atakwambia freshi. Kwa Waingereza neno hili linasifia samaki, mkate, hewa ya asubuhi. Kariakoo linabeba maisha mazima ya mtu, njaa yake na uvumilivu wake. Ndiyo maana kila anayechana anatamani kumalizia mstari nalo.

Sasa tatizo linakuja kwenye kina. Madogo wengi wanaoandika mistari wanaingia mtandaoni, wanatafuta neno la Kiingereza linaloendana na freshi, wanaletewa orodha ndefu kinoma. Ukiisoma yote hukuti hata neno moja analolitumia konda wa daladala au dada anayeuza kanga Mtaa wa Uhuru. Wanachukua mojawapo, wanalibandika hivyo hivyo, na mstari unazingua. Mimi nasema tafuteni hapa hapa. Freshi limeshakuwa la kwetu, limeota "i" mwishoni, na mkazo wake unakaa kwenye "fre", silabi ya pili kutoka mwisho, sawa na maneno yetu karibu yote.

Wazee wa ushairi kina kama hiki hakikuwasumbua. Kaluta Amri Abedi, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954: mizani nane na nane, kina cha kati, kina cha mwisho. Kwa utaratibu ule silabi ya mwisho inatosha. Freshi, moshi, mpishi, ubishi, uzushi, zote zinakaa ubeti mmoja bila ugomvi, kwa sababu shairi linaimbwa, na ile "shi" inavutwa mpaka sikio linashiba. Kwenye biti mambo mengine. Ngoma inagonga pale penye mkazo, inaianika "fre" mbele za watu, na ukiijibu kwa "mo" ya moshi, masela wanasikia pengo. Mchanaji anahitaji "eshi" nzima.

Na hili la vina halikuanza na sisi wa juzi. Tangu Saleh Jabir alipouvamia mdundo wa "Ice Ice Baby" kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1990, swali limekuwa moja: lugha yetu inakaaje juu ya ngoma ya watu wengine? Fid Q, mwana wa Mwanza, alilichukulia swali hili kwa uzito hadi albamu yake ya kwanza akaiita "Vina Mwanzo, Kati na Mwisho". Mzee Kaluta angeitambua lugha hiyo mara moja. Na mwaka 2017 huyo huyo Fid Q akatoa ngoma inayoitwa "Fresh", kisha wakairudia na Diamond Platnumz na Rayvanny, mtaa mzima ukawa unaitikia.

Haya, nani wana "eshi"? Wa kwanza kukimbilia mdomoni ni keshi na jeshi. Keshi ni halali kabisa, Kariakoo bila keshi hakuna Kariakoo. Jeshi limechoshwa, kila anayeanza kuchana ana jeshi nyuma yake. Baada ya hapo madogo wanakwama, wanasema Kiswahili kina maneno machache. Si kweli. Chimbo lenyewe wanalipita kila siku kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa duka: HATUKOPESHI.

Ona inavyofanya kazi. Kitenzi chenye "e" au "o" kwenye mzizi, ukikifanya cha kusababisha, kinachukua "esha": kopa kopesha, soma somesha, cheka chekesha, enda endesha. Sasa kikatae, ile "a" inageuka "i": hakopeshi, hasomeshi, hachekeshi, haendeshi. Ongeza haonyeshi, hakeshi, mvua hainyeshi. Ni mali ya bure, na mwenye sikio anapata hata kina cha silabi tatu: hakopeshi na haogopeshi, hasomeshi na hakomeshi, hachekeshi na hapelekeshi. Nami nimejaribu:

Uliza mambo, nakujibu freshi,
mfuko mtupu ila sionyeshi.
Mangi wa dukani leo hakopeshi,
kelele za deni haziniogopeshi.

Kinachonigusa ni kwamba kina hiki kinasema ukweli wa neno lenyewe. Mtu akijibu freshi mara nyingi kuna kitu anakikataa hapo hapo: hataki kuonyesha, hataki kulia, hataki huruma ya mpita njia.

Ukikosa "eshi" kamili, ziko zinazokaribia, na maskani hakuna atakayekudai. Mechi, kesi, benki, geti, chenji, zote zina "e" ikifuatwa na "i", na ukizitamka haraka ukaimeza ile ya mwisho zinapita freshi. Harudishi na hafundishi zina "shi" lakini "i" imekaa mahali pa "e". Hizo ziweke katikati ya mstari, mwisho zitakuangusha.

Sifa nyingine za Kizungu tulizozikwapua nazo zina makazi yake. Smati ni rahisi: shati, bahati, wakati, sipati. Simpo inakaribiana na malipo na ulipo. Ila bize ndiyo inayonipa mzuka sasa hivi, kwa sababu vina vyake viko kwenye kuomba na kuagiza: niulize, usikilize, umalize, niagize. Mtu wa freshi anakataa, mtu wa bize anabembelezwa. Kuna ngoma nzima hapo ya jamaa anayempigia demu simu toka saa mbili, yuko bize, yuko bize, na kila mstari jamaa anaomba asikilizwe. Atakayeiwahi aichane, biti ipo.