Baiskeli ya Utotoni: Njeo, Msamiati na Matamshi katika Majibu ya Kiingereza ya Watahiniwa Wazungumzao Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza kwa nini swali jepesi kuhusu baiskeli ya utotoni huwatatiza watahiniwa wazungumzao Kiswahili katika mtihani wa kuzungumza wa IELTS, na jinsi majibu yao yanavyoweza kuboreshwa. Mtihani huo, ulioanza kutumika kwa jina hilo mwaka 1989, huwa na sehemu ya kuzungumza ya dakika 11 hadi 14. Dakika 4 au 5 za mwanzo huhusu mambo ya kawaida ya maisha ya mtahiniwa: nyumbani kwao, kazi, chakula, michezo na vyombo vya usafiri. Usemaji hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa, navyo ni ufasaha na mshikamano, msamiati, sarufi, na matamshi.

Umuhimu wa suala hili si wa kinadharia tu. Muuguzi anayetafuta kazi Uingereza au mwanafunzi anayeomba nafasi ya uzamili ng'ambo huweza kukwama kwa kupungukiwa nusu alama. Aghalabu nusu alama hiyo haipotei katika mada ngumu, bali katika maswali ambayo mtahiniwa aliyadharau.

2.0 Swali na Dhana Iliyomo

Swali lenyewe huulizwa hivi: "Did you have a bike when you were a child?" Yaani, je, ulikuwa na baiskeli ulipokuwa mtoto? Swali hili limejengwa juu ya mazingira ambamo mtoto hununuliwa baiskeli yake mwenyewe. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, baiskeli ilikuwa chombo cha kazi cha mtu mzima, cha kubebea maji, mkaa au ndizi. Mtoto alijifunza kwa kuiba muda: alipenyeza mguu chini ya chuma cha juu cha fremu kwa kuwa hakukifikia kiti. Wengine walikodi kwa dakika chache, na wengine waliishia kukimbiza ringi kwa kijiti.

Kutokana na tofauti hiyo, watahiniwa huangukia katika mojawapo ya makosa mawili. Wa kwanza hujibu "No, I didn't" kisha akanyamaza, akidhani kwamba asiyekuwa na baiskeli hana la kusema. Wa pili hubuni baiskeli ambayo hakuwa nayo. Akiulizwa ni nani aliyemnunulia, hubabaika. Wote wawili wamesahau kwamba kinachopimwa ni lugha, wala si mali. Neno la kukana laweza kuwa mwanzo mzuri wa jibu, mradi lifuatwe na maelezo.

3.0 Njeo na Hali

Tatizo kubwa la kisarufi linatokana na umbo la Kiswahili lenye kitenzi kisaidizi "kuwa" na mofimu "-ki-". Tuchukue sentensi mbili:

(a) Nilikuwa nikiendesha baiskeli kila Jumamosi.
(b) Nilikuwa nikiendesha baiskeli mvua ilipoanza kunyesha.

Umbo la kitenzi ni lile lile, ingawa (a) inaeleza desturi na (b) inaeleza tendo lililokuwa likiendelea. Kinachotofautisha maana ni muktadha. Kiingereza hutenganisha dhana hizi: (a) huwa "I used to ride" na (b) huwa "I was riding". Mtahiniwa asiyeitambua tofauti hiyo hutumia "I was riding" kila mahali, hata anaposimulia mazoea ya miaka mingi.

Kiingereza kina pia "would" ya mazoea, lakini hii hutumika kwa matendo yaliyorudiwarudiwa, aghalabu baada ya wakati kutajwa. Haitumiki kwa hali ya kuwa na kitu. Kwa hiyo "I would have a bike" haimaanishi "nilikuwa na baiskeli", bali hueleweka kuwa "ningekuwa na baiskeli".

Aidha, katika Kiswahili husikika "nimejifunza baiskeli nikiwa na miaka saba". Mofimu "-me-" huzaa kosa la "I have learned when I was seven", ilhali Kiingereza, wakati uliopita ukishatajwa bayana, hudai "I learned". Vilevile, kiambishi cha nafsi "a-" hakibainishi jinsia. Ndiyo maana dada aliyetajwa kwa "my sister" hugeuka "he" katika sentensi inayofuata.

4.0 Msamiati na Matamshi

Kwa kuwa Kiswahili husema "kuendesha" kwa gari na baiskeli pia, mtahiniwa husema "drive a bicycle" badala ya "ride". "Kuanguka na baiskeli" huwa "fall off". Istilahi za ujamaa nazo zina mitego yake: "baba mdogo" akigeuzwa "my small father", msikilizaji humdhania kuwa baba mfupi. "Uncle" latosha.

Maneno ya mkopo nayo hudanganya kwa sababu yanaonekana kuwa tayari ni ya Kiingereza. "Baiskeli", "cheni", "breki" na "pedali" yamekwisha kuvaa silabi wazi na mkazo wa Kiswahili. Katika "baiskeli" mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "bicycle" uko kwenye silabi ya kwanza. Zaidi ya hayo, neno kama "pushed" huishia kwa konsonanti mbili. Mzungumzaji ama huongeza irabu, ama hudondosha konsonanti ya mwisho. Ikidondoshwa, alama ya wakati uliopita haisikiki, na kosa la matamshi huhesabika kama kosa la sarufi.

5.0 Kuboresha Jibu

Mfano ufuatao, uliotungwa kwa ajili ya makala hii, unakusanya makosa yaliyoelezwa:

"Yes. I was having a bicycle. I was driving it every day. My sister, he was teaching me."

Linganisha na jibu hili:

"No, I never had one of my own, but my uncle used to lend me his. It was far too big, so I had to put one leg under the bar. The first time I tried, I fell off, and my sister laughed until she cried."

Jibu la pili halina neno gumu hata moja. Linakana, linaeleza desturi kwa "used to", linatoa sababu, kisha linasimulia tukio moja kwa njeo sahili ya wakati uliopita. Mshikamano unatokana na "but" na "so", na kiwakilishi "she" kinalingana na dada.

Mwalimu anaweza kulifikia jibu la namna hiyo kwa hatua nne. Kwanza, mwanafunzi asimulie kisa chake cha kweli kwa Kiswahili. Pili, abainishe kila kitenzi: ni desturi, ni tukio moja, au ni tendo lililokuwa likiendelea? Tatu, asimulie kwa Kiingereza pasipo kuandika, ajirekodi, kisha asikilize miishio ya vitenzi na mkazo. Nne, swali libadilishwe: je, watoto wa siku hizi wapewe baiskeli? Hatua hii ya mwisho huzuia kukariri, kwani watahini huelewa upesi jibu lililokaririwa, na swali moja la nyongeza hulibomoa.

6.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba makosa mengi katika jibu hili hayatokani na ukosefu wa akili wala wa mambo ya kusema. Yanatokana na mahali ambapo mifumo miwili ya lugha inagawanya wakati, jinsia na silabi kwa namna tofauti. Kwa hiyo mwanafunzi haambiwi akisahau Kiswahili chake; anahitaji kukijua vizuri zaidi, ili aone pale ambapo umbo moja la Kiswahili linadai maumbo mawili ya Kiingereza. Na yule ambaye hakuwahi kumiliki baiskeli aingie mtihanini na mguu wake chini ya fremu ya mjomba, kwa kuwa kisa hicho ni chake na maneno yake anayo.