Waliojitolea Mpakani Tunduma, na Sisi Huku Mashambani



Huenda mmoja wenu akauliza: sisi watu wa karafuu, Tunduma yatuhusu nini? Twasema yatuhusu. Mji ule umo katika Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, na jirani zake ni wakulima wa kahawa wa Mbozi, ambao wajua kama tujuavyo sisi kuwa zao likiiva halingoji maradhi yapite.

Tunduma ni mlango wa Zambia. Mtu akivuka barabara tu yuko Nakonde. Wanyamwanga wako pande zote mbili, mjomba huku na shangazi kule, na malori ya mizigo itokayo bandari ya Dar es Salaam hupita hapo usiku na mchana. Maradhi ya korona yalitangazwa Tanzania tarehe 16 Machi 2020. Mwezi wa Mei, Zambia ikatoa khabari ya wagonjwa wapya 85 kwa mara moja, na 76 kati yao walikuwa wa Nakonde. Tarehe 11 Mei mpaka ukafungwa, na malori yakapanga foleni hata mizigo ilipoanza kuruhusiwa tena siku chache baadaye.

Fikirini taabu ya mahali kama hapo. Dereva atakoga wapi? Mama lishe amwuzie chakula au amkimbie? Daktari na askari peke yao hawatoshi. Kazi iliyobaki ni ya jirani: kujaza ndoo ya maji yenye bomba, kuangalia sabuni isiishe, kushona barakoa za kitambaa, kumpelekea chakula mzee asiyetoka. Kazi hizi zilifanywa nchi nzima mwaka ule, na wengi waliozifanya hawakuandikwa popote.

Tena walizifanya kizani. Baada ya mwanzo wa Mei 2020, ilipotajwa idadi ya wagonjwa 509 na waliofariki 21, hesabu haikutolewa tena kwa zaidi ya mwaka mzima. Mwenye kujitolea akiulizwa mtaani, "Maradhi yapo au hayapo?" angejibu nini? Kwa maoni yetu huo ndio mzigo mkubwa waliotwikwa, kushinda ule wa ndoo. Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021.

Na sisi je? Hapa Visiwani tunao wale wa Jamii ni Afya, zaidi ya 2,000, wapitao nyumba kwa nyumba. Lakini hao hawawezi kukaa katika kila kambi ya wachumaji. Wanachama mwajua wenyewe: wachumaji hutoka shehia mbalimbali, hulala chumba kimoja, na hunywa maji kwa kopo moja. Usiku tunakaa barazani bega kwa bega kuchambua karafuu na makonyo. Kwa kipindupindu, kopo lile moja latosha. Kwa korona, baraza ile.

Kwa hivyo twaleta shauri hili mbele yenu kabla ya mavuno. Kila tawi litaje watu wawili, mwanamume na mwanamke, wajuane na sheha na kituo cha afya kilicho karibu, na wawe na mamlaka ya kumwambia mwenye shamba, hata akiwa mkubwa, kwamba kambi yake haina choo. Chama kilipe nauli na sabuni. Tusiwe watu wa kumsifu aliyejitolea kisha tukamwacha anunue sabuni kwa fedha yake. Tumeona wengi wakichoka kwa sababu hiyo, wala hatuwalaumu.

Wako watakaosema fedha hiyo bora iende kwenye majamvi ya kuanikia. Waje mkutanoni waseme. Majina yaletwe kwa Katibu kwa mkono, pamoja na jina la kambi.