Buku Kali Zinazompa Kijana Usukani

Leo si story za mechi wala ngoma mpya. Ni buku. Siku hizi nazipiga novel mfululizo, zingine classic za zamani, zingine za mayuthi, na kipimo changu ni kimoja tu: hii buku inamwachia kijana aamue mambo yake, ama inamburuta ka gunia la vitunguu pale sokoni Kongowea, hapa Mombasa?

Tuanze na Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996. Wasee kibao waliisomea mtihani, wakaitupa kule. Hasara tupu. Msanifu Kombo ni dogo wa Tanga, mathe wake Zainabu Makame ni msanii wa taarab, na buda hamjui. Kiswahili chake ni moto hadi akabandikwa jina Kongowea Mswahili. Mathe akishafariki, dogo anavuka border kuja Kenya kumsaka babake. Hapo Walibora alinishika. Kitu kinanikwaza ni kimoja: bahati inamsaidia sana, kila kona anakutana na mtu anayefaa. Lakini moyo wa buku uko sawa.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed, 1980, ni nzito zaidi. Bwana Maksuudi ni mdosi wa kuheshimika mtaani. Amemfungia bintiye Maimuna ndani, na yeye mwenyewe huko nje ana mambo yake na wanawake. Maimuna akihepa, dunia inamchapa vibaya. Kuna wasee watakushow funzo ni mabinti watulie nyumbani. Zii! Kilichomharibu Maimuna ni kufuli. Dem hajawahi kuachiwa kuchagua hata kitu kidogo, sasa huko nje atachagua vipi? Wazazi wa mtaa wangeisoma hii kwanza kabla ya watoto wao.

Halafu kuna Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka 1994, ikatafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ndiye alibeba Nobel ya fasihi 2021. Yusuf ana miaka 12. Buda wake ana deni la tajiri Aziz, na dogo anachukuliwa kulipia, yeye akidhani anasafiri na ami yake. Maze, hii inauma. Na sisi watu wa Kongowea inatugusa karibu, juu jirani yetu Frere Town ilianzishwa miaka ya 1870 kuwapa makao watumwa waliokombolewa. Kengele yao bado ipo pale Kengeleni, tunaipita na matatu tukienda town. Kwa kipimo changu Yusuf hana usukani kabisa, so buku ingefaa ianguke. Haianguki, juu Gurnah anakuonyesha kila mlango vile unafungwa na ni nani ameshika ufunguo.

Za majuu nazo, nilipiga The Hunger Games ya Suzanne Collins, 2008. Katniss anajitolea kuingia kwa mchezo wa kifo badala ya sistake, na kutoka hapo huwezi kuiweka chini. Spidi yake ni noma. Ile story ya mapenzi ya watu watatu tu ndiyo inanichosha.

Sasa ile iko juu ya zote: The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, mwandishi wetu wa hapa Mombasa. Ilitoka 2021, na 2022 ikashinda tuzo ya Ursula K. Le Guin ilipotolewa mara ya kwanza kabisa. Buda wa Aisha ni mvuvi, anapotelea baharini. Aisha hangoji wanaume waamue. Anaingia kwa mashua ya mifupa, paka msomi anayeongea akiwa pembeni yake, na wanaenda kukutana na madude ya bahari uso kwa uso. Huku nchi kavu nyanyake anawaza kumwoza, yeye anaiwaza bahari. Kizungu chake kimejaa mafumbo, kuna kurasa unazisoma tena ndio uzishike. Zisome tu. Bahari ni yetu, paka ni wa vichochoro vyetu, na kwa mara hii mtoto wa Mombasa ndiye shujaa wa safari kubwa.

Kwa hivyo ombi langu kwa mayuthi wa Kongowea, Kisauni hadi Likoni: chukua ile set book ulichukia shule, uisome bila mtihani, bila maswali ya wahusika na maudhui. Utashangaa vile wale watu wanakujua. Na usiseme huna doo ya buku. Maktaba ya Taifa iko town, vuka Nyali Bridge uende Barabara ya Msanifu Kombo. Ingia, keti na mbogi yako, msome.