Saa za Baa na Sumu ya Kikombe

Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya waliibandika jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, iliamuru baa zifunguliwe saa 11 jioni na kufungwa saa 5 usiku siku za kazi. Naiunga mkono, asubuhi ni ya kazi na masomo. Hata hivyo, Mei 2014 makumi ya watu walifariki Kitui, Makueni, Embu na Kiambu, na wengine wakapofuka. Hawakuuawa na saa. Waliuawa na methanoli, kemikali ya viwandani ambayo mwilini hugeuka asidi inayoharibu neva za macho. Kikombe chake cha jioni huua sawasawa na cha alfajiri.

Kikamba huita pombe uki, neno lenye nasaba na nzuki, yaani nyuki. Mnywaji wa zamani aghalabu alimjua mpishi na mzinga. Wa 2014 hakujua kilichomo.

Basi afisa anayeingia kilabuni kutazama saa na aondoke pia na sampuli ya kupimwa maabara. Nao walimu wa kemia wa Wote na Mwingi wawafunze wanafunzi tofauti ya ethanoli na methanoli kabla ya likizo ya Desemba.